Vidole vya Ratemo

Kwa mkono wa Abdikarim, mwenye duka,
Ogembo, Kisii.
11 Juni, 1972.

Ndugu yangu wa tumbo moja, Ratemo,

Pokea salamu zangu nyingi, ziwe nyingi kutosha miaka mitatu ambayo sikukuandikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula na unalala. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakohoa asubuhi lakini bado anafika kanisani kwa miguu yake, na yule mtamba mwekundu uliyemwacha amekwisha kuzaa mara mbili. Mvua ya mwaka huu imekuwa nzuri mno. Ukitaka hali ya nyumbani kwa ufupi, ndiyo hiyo.

Usishangae kuona naandika kwa Kiswahili. Daktari wako alisema kwamba barua za Kigusii hakuna wa kuzisoma hapo hospitalini, na kila barua lazima isomwe na wao kwanza ndipo imfikie mgonjwa. Kiswahili changu unakijua. Ni kile cha darasa la tano, pamoja na kile cha kubishana bei na Abdikarim. Daktari alisema pia kwamba unasahau, kwamba miaka mingine imekutoka kichwani, na itakufaa ndugu yako akikuandikia mambo ya nyumbani taratibu, tangu mwanzo. Basi nitaanza mwanzo. Vumilia, hata pale utakapoona nakueleza jambo unalolijua kuliko mimi.

Mwaka wa 1963 uling'oa nafaka ya marehemu baba, wimbi lote, ukapanda chai. Baba alikuwa ametugawia mteremko kabla hajafa. Wewe mdogo ulipata juu, karibu na barabara, kwenye udongo mwekundu. Mimi mkubwa nilipata chini, karibu na kijito, mahali ambapo maji husimama na ndizi tu ndizo hukubali. Wakati ule niliona nimependelewa, maana huko chini majani ya ng'ombe hayakauki. Nani alijua kwamba chai haitaki miguu yake iwe majini? Baba hakujua. Hata wewe hukujua mpaka yule bwana shamba alipokuambia.

Tulikucheka sana. Ulikuwa umepanda kichaka ambacho mtu hali, ng'ombe hali, na ambacho wazee wa kanisa letu la Sabato wanakataza hata kukinywa. Mimi ndimi niliyekutungia jina la Bwana Kichaka, na likakushika mpaka watoto wakawa wanakuamkia nalo njiani. Wewe uliendelea kupalilia. Hiyo ndiyo tabia yako iliyonichosha tangu utotoni, ukitukanwa unapalilia.

Baada ya miaka mitatu kichaka kikaanza kukulipa. Ulijenga nyumba ya mabati, ukanunua baiskeli, ukachaguliwa kwenye kamati ya kituo cha kununulia chai. Bwana shamba alikuwa akileta watu kutoka Kenyenya, na wengine kutoka mbali huko Nyamira, kuja kuona jinsi unavyochuma. Nawe ulikuwa ukiwafundisha kwa sauti ile yako ya upole, majani mawili na kichipukizi, basi, jani la tatu ni la mbuzi. Ulikuwa ukichuma huku umefumba macho ili waone kwamba vidole vinajua vyenyewe. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nimeshika kikapu.

Maana mimi nilikuwa mchukuzi wako. Daktari akisoma hapa ajue kwamba kwetu kubeba kikapu mgongoni ni kazi ya wanawake. Mkeo Bochaberi alikuwa na mimba na kituo kilikuwa mbali, kwa hiyo kikapu kimoja ulibeba wewe, kingine nikabeba mimi, mkubwa wako, nikipita mbele ya watu tuliotahiriwa pamoja. Ulinilipa vizuri, sitakusingizia. Ulinilipa kila mara, tena mbele ya watu.

Halafu kulikuwa na ule mkutano wa chifu wa mwaka wa 1967, kwenye uwanja wa shule. Bwana shamba aliwaambia watu wawe kama Ratemo. Kisha akauliza kama yupo hapo mtu aliyewahi kumcheka Ratemo, asimame watu wamwone. Wote walinigeukia, nami nikasimama, maana ningefanya nini? Bwana shamba akasema hii ndiyo sura ya mtu anayekataa maendeleo. Uwanja mzima ulicheka. Nikakutazama wewe, na wewe ulikuwa unacheka. Hukucheka sana. Uliinamisha kichwa ukafunika mdomo kwa mkono, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Mwaka uliofuata majani yako yakaanza kukataliwa. Onsongo, yule karani wa kituo, aliyamwaga kwenye meza ya ukaguzi kama anavyomwaga ya kila mtu, na katikati ya kikapu akakuta majani magumu, ya tatu na ya nne, mengine yameshaanza kuwa meusi. Alidhani ni bahati mbaya. Wiki hiyo hiyo akayakuta tena. Mara ya tatu alikuita kando akakuambia kwa heshima kwamba mtu wa kamati hawezi kuleta chakula cha mbuzi, na kwamba atalazimika kukuandikia onyo. Uliyarudisha majani nyumbani ukayamwaga nyuma ya zizi, na siku hiyo hukula.

Tangu hapo ulianza kuvitazama vidole vyako. Nilikuwa nakuona. Ulikuwa ukichuma, unasimama, unafungua kiganja na kukitazama. Ulimkataza Bochaberi kugusa chai, ukadhani labda ni yeye. Ukawafukuza wachumaji wawili wa siku nyingi. Kisha ukawa unachuma peke yako na kukagua jani moja moja kabla ya kulitia kikapuni, mpaka jua linakuwa kali na majani yananyauka, na ukifika kituoni Onsongo anayakataa kwa kunyauka. Watu wakaanza kunong'ona kwamba umerogwa. Wengine walisema ni maringo ya mabati yamekurudia. Walewale waliokupigia makofi wakapitia njia nyingine ili wasikusalimu, na jina la Bwana Kichaka likafufuka.

Ukaanza kusema kichwa kinakuuma. Ulisema hakikuumi kama homa, ila ni kama mtu anatembea ndani yake. Mama alilia. Ndipo mimi, mkubwa wa nyumba, nilipotoa shauri tukupeleke kwa omobari kule Kenyenya. Daktari pengine hawajui watu hawa. Ni mafundi wetu wa kupasua kichwa, wanakata ngozi na kuukwangua mfupa mpaka waondoe ufa unaoleta maumivu, na wengi hupona. Omobari hagusi kichwa ambacho hakikupigwa. Aliuliza ulipigwa na nini, nami nikamweleza kwamba uligonga boriti ya mlango wa nyumba yako mpya. Mzee wa kanisa aliyetusindikiza ili kutuzuia akaishia kukiombea kisu. Nilikushika kichwa kwa mikono yangu miwili, magoti yangu yakiwa mabegani kwako. Hukulia. Uliniuliza mara moja tu kama ni kweli uligonga boriti, maana wewe hukumbuki. Nikakuambia ni kweli.

Kidonda kilipona, na kichwa kikazidi. Ila baada ya hapo ulikuwa kama mtu aliyepata kuona vizuri. Uliitisha wazee, ukasimama mbele yao na kitambaa kichwani, ukasema kwamba hukurogwa na huumwi, ni kaka yako Ogari anayekutilia majani mabaya kikapuni njiani. Bochaberi naye akasimama, mtoto mgongoni, akasema aliniona kwa macho yake pale kwenye mikaratusi ya kijito nimetia mkono ndani ya kikapu mpaka kwenye kiwiko. Mimi sikupandisha hata sauti. Niliwauliza wazee nani aliyembeba huyu kijana mpaka Kenyenya, na nani aliyemshika kichwa. Niliwaambia wamsamehe, kisu kimegusa ubongo, na kwamba mwanamke anayegombanisha ndugu wa tumbo moja anajulikana anataka nini. Mama alimwambia Bochaberi akae chini. Wazee walikutazama kwa huruma, nami wakanitazama kwa heshima, na nadhani ile huruma ndiyo iliyokushinda.

Asubuhi yake ulichukua panga ukaingia kwenye chai yako. Uliikata yote, safu kwa safu, usawa wa goti, kuanzia barabarani hadi kwenye mpaka wangu, na hukusimama mpaka ulipomaliza. Watu walikusanyika kutazama mtu anaua utajiri wake. Askari wa chifu walipokuja hukupigana nao. Uliwapa panga kwa upande wa mpini, ukawaambia sasa hakuna cha kukataliwa. Basi wakakupeleka Kisii, na kutoka Kisii wakakupeleka huko Nairobi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Sasa nikupe habari za chai, maana najua ndizo unazozitaka kuliko zote. Ratemo, haikufa. Miezi mitatu baada ya wewe kuondoka ilichipua, ikawa nzito na kijani ambacho sijapata kukiona. Bwana shamba alikuja akaitembelea safu kwa safu, akacheka peke yake. Alisema wakulima wote wa hapa wanaogopa kuipogoa chai yao, na hilo ndilo jambo amekuwa akiwaomba kwa miaka, usawa wa goti hasa. Alisema huyo mwendawazimu wenu ndiye peke yake aliyefanya kazi vizuri. Sasa anawaleta watu tena kuitazama. Kiwanda kipya kinajengwa, barabara imetiwa changarawe ya murram, na kila mwenye shimo la kupanda mche anapanda. Kamati ilisema shamba zuri hivyo lisikae bila mwenyewe, kwa hiyo nilitia sahihi kama mlezi wako, na namba yako ya mkulima ikaandikwa jina langu. Siku hizi mimi ndiye ninayewaambia wageni kwamba jani la tatu ni la mbuzi. Wanapiga makofi.

Shemeji Bochaberi yupo. Alikwenda kwao Nyamira baada ya wewe kuchukuliwa, nikamwambia akienda aende, lakini watoto ni wa ukoo. Siku ya nne alirudi. Anachuma katika chai yako, nami nimempa safu za kule kwenye mawe. Hanisalimu. Kila jioni nikimwaga kikapu chake kukikagua natafuta jani la tatu ili nimkaripie, na sijapata hata moja.

Mwaka wa kwanza daktari wako aliniandikia. Alisema umetulia, unalima mboga za hospitali na huna ugomvi na mtu, ila lipo jambo moja hutaki kuliacha. Kila siku unasema kaka yako alikuwa akikutilia majani mabaya. Aliuliza kama jambo hilo lina ukweli wowote, maana kama halina, basi huo ndio ugonjwa wenyewe, na hutaweza kutoka mpaka uliache. Nilikwenda dukani kwa Abdikarim nikanunua karatasi na bahasha. Nilimjibu kwa mistari miwili kwamba halina ukweli wowote, na kwamba tunakuombea.

Mwezi uliopita zikaja barua mbili pamoja, ya daktari na yako. Daktari anasema umepona. Anasema ulianza kulitilia shaka jambo lile, kisha ukalikana kabisa, na sasa unaona aibu ukilikumbuka. Anataka kujua kama nitakupokea. Barua yako sikuweza kuisoma yote dukani, nikaenda nayo pale kwenye mikaratusi. Umeniomba msamaha kwa kunisingizia mbele ya wazee. Umeandika kwamba hujui shetani gani alikutia neno hilo mdomoni, juu ya kaka aliyekushika kichwa siku ya kisu. Umesema ukirudi hutaki shamba, utafanya kazi kwenye chai yangu. Chai yangu, umeandika hivyo. Tena ukaniomba niweke mtu wa kukagua majani yako kabla hayajaingia kikapuni, kwa sababu vidole vyako haviaminiki.

Nimekaa na maneno hayo wiki nne. Nilijaribu kukujibu kwamba nimekusamehe, nikaandika mpaka katikati ya ukurasa, na mkono ukakataa. Sijui ni huruma au ni nini, usije ukadhani nimekuwa mtu mwema. Ningeliweza kuishi na chuki yako, nilikuwa nimeizoea. Hii shukrani yako ndiyo inayonifanya nishindwe kula.

Ni mimi, Ratemo. Kila ulichosema mbele ya wazee kilikuwa kweli, na Bochaberi aliona alichokiona. Mpakani kwako kulikuwa na miche minane uliyoiacha bila kuchuma, imekomaa. Nilikuwa nikijaza mfuko wa koti majani yake magumu kabla ya kuja kukuchukulia kikapu, na wewe ukishatangulia na baiskeli, mimi nasimama pale kijitoni na kuyasukuma mpaka katikati ambako juu hayaonekani. Konzi mbili, haikuhitaji zaidi. Nilifanya hivyo mara saba. Nilitaka usimame mbele ya watu kama nilivyosimama mimi, wakutazame, basi. Baada ya mara ya saba sikuongeza tena jani hata moja, ulikuwa umeshajimaliza mwenyewe kwa kukagua, nami nilibeba tu na kutazama. Ningeweza kukuambia siku yoyote kati ya siku hizo. Tukirudi kutoka kituoni ulikuwa ukikokota baiskeli, tukitembea pamoja saa nzima kila mara.

Na hukugonga boriti. Omobari asingekukata bila mimi kusema ulipigwa, kwa hiyo nilisema. Nilitaka waseme kichwa chako ni kibovu, ili ukija kunitaja siku moja wasikusikie. Nilikuwa nimeshaliona hilo mbele kabla hujalifikiria wewe. Kovu ulilo nalo ni langu.

Hapo hospitalini wamekuponya jambo moja tu, na jambo hilo halikuwa ugonjwa. Najua barua hii itasomwa na daktari kabla yako. Nimeiandika kwa Kiswahili chepesi makusudi, ili asitafute wa kumfasiria. Bwana daktari, miaka miwili hii mtu wako alikuwa akikuambia kweli, na aliyekudanganya ni mimi. Kama ni lazima awepo mtu wa kukaa hapo mpaka aache kusema uongo, unajua anakoishi.

Vidole vyako, mdogo wangu, havikukosea hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nakifungua kikapu, nimeona kila jani ulilochuma. Majani mawili na kichipukizi, mpaka chini.

Sikuombi msamaha. Ulishaniomba wewe, na kwetu hakuna mahali pa kuiweka misamaha miwili ya namna hiyo. Mama sijamwambia, wala wazee. Nilidhani ningesimama jana kanisani, nikasimama kweli, na watu walipogeuka kunitazama nikaanzisha wimbo. Kwa hiyo utakuja na barua hii mkononi uwasomee mwenyewe. Mimi nitakuwepo, sitakimbia, na sitakana. Zaidi ya hapo usinitegemee. Nikikuambia kweli yote, sehemu moja yangu inaomba barua hii ipotee kabla haijafika Nairobi, na hiyo sehemu si ndogo.

Wasalimu wote walio nawe hapo, na huyo daktari. Mama anakusalimu, anasema umshukuru Mungu na mimi kaka yako. Watoto wako wanakusalimu, mdogo ameanza shule na anashika kalamu kwa mkono wa kushoto kama wewe. Bochaberi hajakusalimu kwa kuwa hajui naandika, lakini namwona hapa dirishani akifunga vikapu kamba mpya. Kesho ni siku ya kuchuma chai yako. Nitaipeleka kituoni kwa jina langu, maana mpaka ufike ndilo lililoandikwa.

Wako, kaka yako,
Ogari